Mama akihamia jijini, sufuria nayo huhama

Wengi wetu tunaoishi Mbezi Beach hatukuzaliwa hapa. Pita nyumba kumi kuanzia Tangi Bovu kuelekea Africana, uliza akina mama wametokea wapi. Utatajiwa Rombo, Bukoba, Kondoa, Tukuyu, Magu, Newala na Same kabla hujafika nyumba ya mwisho.

Kila mmoja alikuja na mabegi yake, na kila mmoja alikuja na mapishi ya kwao kichwani. Yupo anayejua mtori unaiva saa ngapi. Yupo anayejua mlenda unakaushwaje ili udumu hadi kiangazi. Yupo anayejua kuunga kunde kwa karanga hadi mtoto akaomba nyongeza.

Lakini ukifunua sufuria za jioni za nyumba hizo kumi, mara nyingi utakuta vitu vilevile. Wali au ugali wa sembe, kipande cha kuku wa kisasa au samaki wa kukaanga, mboga za majani kidogo pembeni. Soda ikiwa kuna mgeni. Na mtoto mmoja aliyegoma kula kwa sababu anataka chipsi.

Nini kilitokea hapo katikati?

Jibu tulilozoea kulisikia ni kwamba akina mama hawana elimu ya lishe. Mimi naandika habari za afya, na kwa ninavyoona, jibu hilo linamwonea mama. Mama anayehamia jijini mara nyingi anakijua chakula kizuri. Yapo mambo mengine yanayomwamulia apike nini, na mengi hayako mikononi mwake peke yake. Leo tuyaangalie moja moja, kisha tuone familia inaweza kufanya nini.

Zaidi ya kilo mbili kwa mwaka mmoja

Tuna bahati ya kuwa na utafiti uliofanyika hapahapa kwetu. Watafiti waliwapata watu 209 wa vijijini mkoani Morogoro waliokuwa wanajiandaa kuhamia Dar es Salaam. Wakawapima kabla hawajaondoka, kisha wakawafuatilia kwa miezi 12 ya maisha yao mapya jijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010.

Ndani ya mwaka huo mmoja, wanaume na wanawake waliongezeka uzito kwa wastani wa zaidi ya kilo 2. Kazi za kutoa jasho zilipungua sana. Kwa wanawake, waliokuwa wakifanya shughuli nzito walishuka kutoka asilimia 38 hivi hadi asilimia 16 hivi. Ulaji wa nyama nyekundu uliongezeka, na kolesteroli ya wanawake ilipanda.

Hata hivyo kuna jambo jingine humo ambalo wengi hawalitarajii. Ulaji wa matunda na mboga nao uliongezeka. Kwa hiyo jiji halileti mabaya matupu. Mtu aliyekuwa anakula embe msimu wa embe tu, huku anakuta papai, ndizi na tikiti kwenye genge la jirani karibu mwaka mzima.

Na kijijini nako si peponi. Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo mahindi yake yanalisha miji mingi, ndiyo iliyoongoza kwa udumavu wa watoto katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022. Kitaifa, watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Kwa hiyo hapa hatusemi akina mama warudi kijijini. Tunauliza kwa nini mizani inaelemea upande mmoja baada ya kuhama.

Kilo mbili zinaweza kuonekana kidogo. Lakini mama akikaa Mbezi Beach miaka kumi, na kila mwaka ukaongeza chake, ndipo tunapokutana na presha na kisukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini walikuwa na uzito uliozidi, na Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza.

Wakati huohuo, zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 nchini wana upungufu wa damu. Ndiyo maana unaweza kumkuta mama mmoja ana uzito mkubwa na damu pungufu kwa pamoja. Anashiba, lakini mwili wake una njaa ya madini.

Kila kitu kinapita mfukoni

Kijijini, sehemu kubwa ya chakula haipiti mfukoni. Ndizi ziko mgombani, majani ya maboga yako nyuma ya nyumba, maharage yako kwenye kiroba tangu mavuno, maziwa ni ya ng'ombe wa nyumbani au wa jirani. Mama anaamua mboga ya leo kwa kutazama shamba.

Huku, kila kitu kina bei. Fungu la mchicha, nyanya tatu, maji ya kupikia, hata nazi. Na kwa nyumba nyingi pesa yenyewe haiji kwa mwezi. Inaachwa asubuhi mezani: hela ya matumizi ya leo.

Hela ya siku moja ina tabia yake. Inanunua vitu vya siku moja. Mafuta ya kupima, sukari ya kupima, robo ya maharage, dagaa wa fungu. Ukijumlisha mwezi mzima, familia inayonunua kwa kupima inalipa bei kubwa kuliko inayonunua gunia. Mama anajua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Hana tu pesa ya gunia siku moja.

Na hela ya siku inapokuwa ndogo, mama hukata kwa mpangilio ambao karibu kila nyumba inaufanana. Kwanza hutoa matunda. Kisha hupunguza mboga. Kisha hupunguza nyama au samaki, na akibaki nacho anampa baba na watoto. Kisichopunguzwa ni ugali au wali, kwa sababu hicho ndicho kinachoshibisha, na mafuta, kwa sababu ndiyo yanayofanya mboga kidogo iwe na ladha ya nyingi.

Hebu tazama sahani inayobaki: wanga mwingi, mafuta mengi, vingine vyote kidogo. Sahani hiyo imetokana na hesabu. Hakuna aliyekaa akaamua kula vibaya.

Muda na jiko

Jambo la pili ni saa. Mama anayefanya kazi Posta au Kariakoo na kuishi huku kwetu anaijua foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Anaweza kutoka kabla ya jua na kurudi saa mbili usiku. Mama mwenye biashara ndogo anafunga wakati wateja wamekwisha. Akifika nyumbani, watoto wana njaa sasa hivi.

Kande ya mahindi na maharage haiwezi kuiva kwa dakika ishirini. Mtori nao unataka kumenya ndizi, kuchemsha nyama na kuponda. Kwa hiyo chakula cha asili kinasogezwa hadi Jumapili, halafu Jumapili inajaa harusi, ibada na vikao, na chakula chenyewe kinasogezwa hadi Krismasi au Idi.

Hapo hapo ndipo jiko linapoingia. Kijijini mama alikuwa na mafiga na kuni. Sufuria ya maharage ilikaa motoni huku yeye akifanya kazi nyingine. Jijini tunahamia kwenye gesi. Serikali nayo ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hilo ni jambo jema. Moshi wa kuni na mkaa unaumiza mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni.

Lakini muulize mama yeyote mwenye mtungi mdogo wa gesi: maharage makavu ni adui wa mtungi. Saa mbili za moto kwa chungu kimoja, na mtungi unaotakiwa ufike mwisho wa mwezi unaisha tarehe ishirini. Wengi wanaamua wenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba gesi ni ya vitu vya haraka: mayai, tambi, wali, samaki wa kukaanga. Maharage yanasubiri siku ya mkaa, na siku ya mkaa inakuja kwa nadra.

Hivyo jiko safi, lililoletwa kulinda afya, linaweza kuondoa maharage mezani bila mtu kukusudia. Ufumbuzi upo na ni rahisi. Tutaufikia hapo chini.

Mtoto akirudi na ladha mpya

Nguvu ya tatu ni ndogo kwa umbo lakini kubwa kwa sauti: mtoto.

Watafiti waliozungumza na akina mama kutoka Mexico na nchi jirani waliohamia Marekani wamekutana na jambo hili mara nyingi. Mama anafika akiwa anapika maharage, mahindi na mboga za kwao. Mtoto anaanza shule, anakula kinacholiwa na wenzake, anarudi nyumbani akitaka piza na soda. Mama amechoka na hataki chakula kimwagwe, kwa hiyo anakubali. Polepole mtoto ndiye anayepanga chakula cha nyumba.

Badilisha piza uweke chipsi, na hadithi hiyo ni ya Mbezi Beach. Mtoto wa darasa la pili anaona wenzake wamebeba biskuti, juisi ya pakiti na soseji. Yeye akifungua chombo chake na kukuta viazi vitamu vya kuchemsha, wanamcheka. Kesho yake anakataa kubeba.

Mama aliyekulia mbali anaguswa na hilo kwa namna ya pekee. Alihamia huku ili mtoto wake asipungukiwe na wenzake. Biskuti ya pakiti kwake ni ushahidi kwamba mtoto yuko sawa na wengine. Ukimwambia tu kwamba biskuti zina sukari nyingi, hujagusa sababu inayomfanya anunue.

Katika nyumba zenye dada wa kazi, kuna mtu wa tatu wa kuzingatia. Dada naye mara nyingi ametoka mkoani, wakati mwingine akiwa binti mdogo. Yeye ndiye anayekaa na mtoto mchana kutwa. Kama bosi wake hajamwambia wazi nini cha kupika, atapika anachodhani kinaliwa mjini, na mtoto akilia atampa kinachomnyamazisha haraka.

Aibu ya chakula cha kwetu

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Vipo vyakula tunavyovipenda na kuvionea haya.

Angalia kinachotokea kwa vyakula vya mikoani vikifika Dar. Mtori umeingia kwenye orodha za hoteli. Senene kutoka Kagera wanauzwa kwa bei ambayo wengine tunaitazama tu. Lakini mlenda wa Dodoma, ugali wa mtama na uwele, michembe ya Usukumani na mboga za majani zilizokaushwa, mgeni akibisha hodi vinaweza kufunikwa na kurudishwa jikoni.

Tofauti hiyo haihusiani na lishe. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele. Uwele na mtama vina madini ya chuma. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake anajenga mifupa ya mtoto. Kama tungepanga heshima kwa virutubishi, mgeni angekaribishwa uji wa ulezi na angefurahi.

Mfano mkubwa zaidi ni unga. Vijijini wengi walikula dona, au mahindi yaliyokobolewa kidogo. Mjini, sembe nyeupe ndiyo unga wa heshima. Lakini weupe huo unatokana na kuondoa pumba na kiini cha punje, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Mama analipia zaidi ili apate pungufu.

Uzito nao una heshima yake. Mama akirudi kwao Desemba akiwa amenenepa, anasifiwa kwamba amependeza, jiji limemkubali, mume anamtunza. Akirudi amekonda, watu wanauliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo nyumbani. Katika mazingira hayo, nani atajisikia vibaya kwa kilo mbili za kila mwaka?

Sahani ya mama mwenyewe

Tumezungumza anachopika mama. Anachokula ni suala jingine.

Asubuhi, chai ya rangi na andazi, akiwa amesimama. Mchana, kama yuko kazini, chakula cha mama lishe au chipsi kavu. Kama yuko nyumbani, kiporo. Usiku, anapakua kwa wote, anahudumia, anamlisha mdogo, kisha anakula kilichobaki: ukoko, mchuzi, na tonge ambazo mtoto hakumaliza. Nyama imeshakwisha. Mboga imebaki maji yake.

Ulaji huu ndio unaomweka mama kwenye lile kundi la uzito mkubwa na damu pungufu. Nguvu anazipata za kutosha na zaidi kutoka kwenye wanga, sukari na mafuta. Madini ya chuma yaliyo kwenye nyama, dagaa, maharage na mboga za kijani yanaishia kwenye sahani za wengine. Na chai anayoshushia chakula inapunguza kiasi cha madini hayo kinachofyonzwa na mwili.

Ipo siku moja tu katika maisha ya mama mhamiaji ambapo sahani yake inatangulia, nayo ni anapojifungua. Mama yake au mama mkwe anapanda basi kuja kumlea. Mtori unapikwa kila siku. Kwa wenyeji wa Pwani, uji wa pilipili manga unachemshwa. Supu haikauki. Kwa siku arobaini, mama anakula chakula cha kwao, kikiwa cha moto, akiwa amekaa.

Halafu bibi anarudi, na sufuria inarudi ilivyokuwa. Mama bado ananyonyesha. Mwili wake bado unahitaji chakula kingi na cha aina nyingi. Kilichoondoka ni mtu wa kumpikia.

Sauti ya simu na kifurushi cha basi

Nyumbani hakuishi kwa kuhama. Kupo kwenye simu kila jioni. Bibi wa mtoto anauliza mjukuu anakula nini, anashauri, wakati mwingine anakataza.

Mengi ya mashauri hayo ni hazina, na mama kijana asiyafanyie dharau. Machache yanahitaji kuachwa kwa upole. Bado wapo wajawazito wanaokatazwa mayai kwa imani kwamba mtoto atazaliwa bila nywele. Yai halina madhara hayo, na ni moja ya vyakula vya bei nafuu vyenye protini nzuri kwa mjamzito. Vilevile, udongo wanaotafuna baadhi ya wajawazito, ule unaoitwa pemba, unaweza kuzuia mwili kupata madini ya chuma na unaweza kuwa na uchafu. Hamu ya kula udongo ni sababu nzuri ya kwenda kliniki kupima damu.

Kisha kuna kifurushi. Kituo cha mabasi cha Magufuli kiko Mbezi ile nyingine, ya Louis, na kila siku watu wanakwenda kupokea viroba kutoka mikoani: maharage, karanga, mchele, unga wa ulezi, ndizi zilizofungwa majani makavu. Kwa nyumba nyingi, hiki ndicho kiungo pekee kilichobaki kati ya shamba la kwao na meza ya Mbezi Beach.

Kipokee kwa furaha, na ukikague. Mahindi na karanga visipokaushwa vizuri huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kutokana na sumu hiyo. Haiondoki kwa kupika. Punje zilizooza, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, na zisisagwe kuwa uji wa mtoto. Joto na unyevunyevu wa huku pwani ni rafiki wa ukungu, hivyo nafaka ikae mahali pakavu, juu ya chaga, mbali na ukuta.

Tufanyeje?

Hakuna kati ya haya linalohitaji familia iwe tajiri. Chagua mawili au matatu ya kuanzia wiki hii.

*Pika maharage mara moja, kula mara tatu.* Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha chungu kikubwa siku moja. Gawa kwenye vyombo vidogo, weka kwenye friza. Siku ya kazi unaunga tu kwa dakika kumi. Sufuria ya presha, ya gesi au ya umeme, inapunguza sana muda na nishati. Kama mnapanga zawadi ya kumpa mama, hiyo ni bora kuliko seti nyingine ya glasi.

*Baba, badilisha hela ya siku iwe ya wiki inapowezekana.* Kiasi kilekile, kikitolewa Jumamosi, kinanunua zaidi. Majirani watatu au kikundi cha vikoba wakichanga, gunia moja la maharage au la mchele linagawanywa kwa bei ya jumla. Ndizi zikinunuliwa mkungu mzima kwenye soko la Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, na kugawanywa, hazifanani kabisa na bei ya genge.

*Rudisha dona kidogo kidogo.* Changanya robo ya dona na sembe wiki ya kwanza, kisha nusu. Watoto watazoea. Kwa unga, mafuta na chumvi za viwandani, tafuta vyenye alama ya kuongezwa virutubishi au madini joto.

*Mboga ichukue nafasi, ugali upishe.* Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania inatukumbusha mlo uchanganye makundi: nafaka, mizizi na ndizi; jamii ya kunde, karanga na mbegu; nyama, samaki, mayai na maziwa; mboga; matunda; na mafuta kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isiyozidi kijiko kimoja cha chai. Kama hela haitoshi, panda. Vipande vya matembele kwenye kiroba cha udongo, hata kwenye uwanja wa chumba cha kupanga, vinatoa mboga baada ya wiki chache.

*Siku moja ya wiki iwe siku ya kwetu.* Kama baba ni wa Singida na mama ni wa Moshi, zipokezane. Mtoto aambiwe jina la chakula kwa lugha ya kwao, na asimuliwe nani alikuwa anakipika. Mtoto anayejua kwamba michembe ilimsomesha bibi yake haoni haya kuila. Mpe nafasi ya kumenya na kukoroga. Mtoto huonja alichopika mwenyewe.

*Chipsi zisiwe vita.* Zikiwa za siku moja kwa wiki, zenye kachumbari na yai, hazimharibu mtoto. Tatizo ni zikiwa jibu la kila kilio. Na dada wa kazi aandikiwe ratiba ya wiki nzima, yenye vyakula anavyovijua kutoka kwao pia. Muulize, huenda anapika mboga ya kienyeji kuliko wewe.

*Mama apakuliwe, akae, ale na wenzake.* Hili halina gharama hata ya shilingi. Kipande chake cha samaki kiwekwe kabla wengine hawajaongeza. Chai ya rangi isogezwe saa moja kabla au baada ya mlo, na mahali pake liwepo chungwa, embe au limao, kwani vitamini C husaidia mwili kupokea madini ya chuma.

*Pima.* Ukienda kliniki na mtoto, omba nawe upimwe uzito, presha na damu. Mjamzito ameze vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi anavyopewa hadi viishe.

Mama aliyehamia Mbezi Beach hakuja mikono mitupu. Alikuja na ujuzi wa vyakula ambao jiji linauhitaji, wakati huohuo jiji likampa matunda ya mwaka mzima, kliniki iliyo karibu na jiko lisilo na moshi. Familia ikimpunguzia hesabu ya kila siku na kumpa kiti mezani, atajua mwenyewe la kupika.

Wiki ijayo tutaendelea na sanduku la chakula la shule: nini cha kumfungia mtoto ambacho hakiharibiki kwa joto, hakimalizi hela, na wenzake hawatamcheka.